Mazungumzo ya Mitamboni

Habari za wazazi wake zilimfikia mwana mkubwa mjini kabla hazijawafikia wenyewe: kwamba mzee ameharibikiwa na akili, na kwamba bibi naye ameacha kusema naye. Aliyezipeleka alikuwa jirani wa upande wa kisima, mwanamke mwema lakini asiyeweza kulala na jambo tumboni, ambaye kijiji kizima kilimwita Redio. Redio alikuwa ameona kwa macho yake mawili. Kila asubuhi, alieleza kwenye simu, wazee wale huketi barazani, mmoja huku, mwingine kule, na mzee huchezesha mdomo kama mbuzi anayecheua, bila kutoa hata neno. Bibi humtazama, kisha naye huchezesha wake. Mara nyingine hucheka wote wawili kwa ghafla, na hakuna aliyesema la kuchekesha.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu," Redio alimalizia. "Mimi nimesema. Usije ukadai hukuambiwa."

Ukweli ni kwamba wazee wale hawakuwahi kuzungumza maishani mwao kama walivyozungumza mwaka ule.

Walikutana kiwandani, katika ukumbi wa mitambo ya kufumia nguo. Mwanamke alikuwa mfumaji. Mume alikuwa fundi wa mitambo, na hata sasa ambapo mikono yake haina tena harufu ya grisi, huitwa Fundi na kila mtu, mkewe akiwamo. Aliyepata kuingia katika ukumbi wa namna ile anajua: mitambo ikigonga yote kwa pamoja, sauti ya mtu haifiki hata sikioni mwake mwenyewe. Kwa hiyo wafumaji walijifunza kusema kwa midomo mitupu. Neno liliumbwa polepole, likaungwa kwa nyusi na mashavu, na mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi alilisoma kama mtu asomavyo tangazo ukutani. Humo ndimo Fundi alimomposa mkewe. Alisimama na spana mkononi, ng'ambo ya mitambo mingi, akasema bila sauti, "Nikitafuta chumba, utakuja?" Naye akamjibu bila sauti, "Kina dirisha?" Ukumbi mzima ukapiga makofi, maana ukumbi mzima ulikuwa umesoma.

Chumba kilikuwa na dirisha, lakini hawakukaa pamoja kulitazama. Mtoto wa kwanza alipozaliwa waliomba zamu zao zipishane ili nyumba isikose mtu, na hata siku zao za mapumziko zikapishana. Tangu hapo ndoa yao ikawa ya mlangoni. Mke alirudi kutoka zamu ya usiku wakati mume anatoka kwenda ya mchana. Kitanda chao hakikupoa miaka yote ile, kwa sababu mmoja aliinuka na mwingine akalala palepale. Lakini kukilalia pamoja ilikuwa kama sikukuu, haiji mara mbili kwa msimu. Asubuhi walipokutana getini, Fundi hakutaka kuwaamsha wapangaji wenzao. Alimtazama mkewe usoni, akasema kwa mdomo wa mitamboni: "Nimekuachia joto." Mke alicheka na uchovu wake, akaingia ndani, na kweli akalikuta blanketi lina joto.

Walipostaafu walirudi kwenye kishamba alichoachiwa Fundi na mama yake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na baraza, na bati lake liliimba mvua iliponyesha. Kulikuwa na kuku, tuta la nyanya, na maharagwe yaliyoota kwa kujitolea kuliko kwa utaalamu. Huko ndiko mwanamke yule alikojua, katika uzee wake, kwamba mumewe hucheka usingizini. Alijua pia kwamba hapendi ganda la nyanya, na kwamba hunywa chai kwa kukizungushia kikombe viganja viwili. Mambo haya wake wengine huyajua katika wiki ya kwanza. Yeye aliyapokea kama pensheni.

* * *

Mwana wao mkubwa, afisa katika kampuni ya bima, alifika na mkewe siku ya Jumamosi kabla jua halijawa kali. Mama aliinuka na ungo wa maharagwe mikononi, akatabasamu, kisha tabasamu likasita. Gari lilikuwa la kubebea mizigo. Nyuma lilikuwa tupu, isipokuwa kamba mpya iliyoviringwa vizuri.

"Karibuni, karibuni," alisema kwa sauti, na kwa upande wa uso uliomwelekea mumewe akaongeza bila sauti, "Anayekuja kusalimu haji na kamba."

"Labda ni ya mbuzi," Fundi akamjibu vivyo hivyo.

"Mbuzi gani? Tuna kuku."

Mwana aliyaona yote mawili: mdomo wa baba ukicheza, na mama akigeuza uso haraka kama aliyefumaniwa. Kumbe Redio hakutia chumvi.

Chakula kilipoandaliwa, maharagwe na viazi vya kuchemsha, mwana alianza kumpima baba yake. Hakufanya kwa ubaya. Rafiki yake mmoja alikuwa amemtumia kwenye simu maswali ambayo wazee waliochanganyikiwa hushindwa kuyajibu, naye aliyasoma kutoka humo, kichwa kikiwa kimeinama.

"Baba, leo ni siku gani?"

Miaka ya mitambo ilikuwa imekula sehemu kubwa ya masikio ya Fundi. Watoto hawakuambiwa kamwe; walikua wakijua tu kwamba baba si mtu wa maneno mengi. Mbele yake sasa aliona utosi wa mwanawe, na utosi hausomeki. Alikisia kama mgeni katika nchi ya watu. "Yameiva vizuri," alisema. "Mama yako aliyaweka motoni mapema."

Mwana na mkewe wakatazamana.

"Mwezi huu tunauitaje, baba?" mwana akauliza akiwa ameelekea simu yake.

"Kidogo tu. Nyongeza nitaomba mwenyewe."

Mkamwana, ambaye roho yake ilikuwa nzuri na mikono yake ilikuwa na haraka, alivuta sahani ya mkwewe, akaviponda viazi kwa uma mpaka vikawa uji, akamrudishia. "Hivyo ni rahisi zaidi, baba," alisema. Fundi aliitazama sahani. Mkono uliofungua na kufunga mitambo maisha yake yote ulichukua kijiko, ukala uji ule polepole, bila malalamiko.

Mama alifungua kinywa kusema. Mumewe akamwahi kwa mdomo mtupu, "Mwache ale kwanza. Mgeni hakatizwi tonge."

"Unaona?" mwana alimnong'oneza mkewe. Kisha akainua uso na kupaza sauti kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Baba! Mimi ni nani?"

Safari hii uso ulikuwa wazi, na Fundi aliyasoma maneno yote. Alimtazama mwanawe kwa huruma ya kweli. "Kama mwenyewe hujui, mwanangu, mimi nitakusaidiaje?"

Redio, ambaye alikuwa amekuja kuomba chumvi wakati uleule ambao mtu mwingine yeyote angejua kwamba chumvi haiombwi, alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. Mwana hakucheka. Alifunga simu, akamwambia mkewe watoke wanyooshe miguu.

* * *

Walikwenda hadi kwenye gari, mbali kule kwenye ua wa miti, ambako hata mwenye masikio mazima asingewasikia. Wakasimama nyuso zikielekea nyumba. Barazani wazee walikaa chini kuambua maharagwe, ungo katikati yao, kama watu wasio na habari. Kuelekeza midomo huko lilikuwa kosa ambalo mtu aliyekulia kwa wafumaji hakupaswa kulifanya, lakini nani alimfundisha?

"Leo, leo hii," mkamwana alikuwa akisema. "Yaya anaondoka mwisho wa mwezi. Mama atalala chumba cha watoto."

"Na mzee?"

"Mzee apelekwe kwa dada yako. Kwetu hapana nafasi, na watoto watamwogopa. Wewe mwenyewe umemwona."

"Mama hatakubali kutengana naye."

"Mwambie ni kwa ajili ya matibabu tu, mwezi mmoja. Akishafika na kuwazoea wajukuu, hatakumbuka kurudi." Kisha mkamwana akaegemea mlango wa gari, akajifuta uso kwa kiganja. "Usinione mbaya. Nimechoka, baba watoto. Naamka gizani, nalala gizani. Nikimwona mama hapa, mzima, anaambua maharagwe, najiuliza kwa nini mimi sina mtu."

Vidole vya mama vilisimama juu ya ganda moja. Fundi hakuinua kichwa, lakini macho yake yalikuwa huko huko kwenye ua wa miti.

"Umesoma?" alimuuliza mkewe bila sauti.

"Nimesoma."

"Kwa dada yake ni mbali."

"Ni mbali."

Fundi alilitupa ganda upande wa kuku. Mdomo wake ulipofunguka tena, maneno yalikuwa mazito, yakaja moja moja, kama zamani mtambo ulipokuwa umevunjika na ikabidi mfumaji aambiwe ukweli. "Huyu binti amechoka kweli. Nimemwona usoni. Kama unataka kwenda kumsaidia, nenda. Mimi nimeshazoea mlangoni."

Mama alijisikia kama aliyeamshwa kwa king'ora. Alikumbuka geti la chumba chao cha kupanga, asubuhi zenye ukungu, na mgongo wa mumewe ukiondoka; miaka yote ile alikuwa amemwona zaidi mgongo kuliko uso. Hakulia. Alichukua ganda lingine akalipasua kwa kucha.

"Mimi sijazoea," alisema bila sauti. "Na mlango nimeufunga."

* * *

Mwana alirudi na uso wa kazini, uleule anaouvaa anapowaeleza wateja kwa nini kampuni haitawalipa. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mama yake. Mkewe akabaki amesimama kwenye ngazi.

"Mama, tumefikiria. Hali ya baba inahitaji daktari. Tungependa twende wote mjini, kwa matibabu tu, mwezi mmoja..."

"Chumba cha watoto ni kidogo, mwanangu," mama alisema, na mikono yake haikuacha kazi. "Na huyo yaya msimwache aondoke. Mwongezeeni kidogo, atabaki. Mtu aliyekulelea watoto vizuri haachwi aende kwa kukosa nyongeza."

Kuku mmoja alipita barazani, na hapakuwa na wa kumfukuza.

"Nani... nani amekwambia habari za yaya?" Mwana aligeuka kumtafuta Redio, lakini Redio alikuwa kwenye nguzo yake, macho yamemtoka kuliko yeye.

"Mimi safari hii sijui kitu!" Redio aliapa. "Naapa mbele ya chumvi hii!"

"Na huyu," mama aliendelea, akimwelekeza mumewe kwa kidevu, "kumpeleka kwa dada yako mngemwambia ni matibabu pia?"

Mkamwana ndiye aliyeelewa kwanza. Alishuka ngazi moja, akatazama mbali hadi kwenye gari, kisha akazitazama nyuso za wazee wawili. Mkono ukamwenda mdomoni. "Mama," alisema kutoka nyuma ya mkono ule, "mlitusikia?"

"Kusikia hatukusikia. Toa mkono mdomoni, baba yako hakuoni."

Mwana alitikisa kichwa kama aliyeingiwa maji sikioni. "Haiwezekani. Kutoka hapa hadi kule?"

"Fundi," mama aliita, na alipoinua uso akamwambia kwa mdomo tu. Mzee aliinuka, akachukua kofia yake, akatembea hadi mwisho wa tuta la nyanya, akageuka, akasimama mikono nyuma. Mama akamwambia mwanawe, "Mtume chochote. Mimi nitampelekea, na sauti sitoi."

Mwana alitafuta jambo ambalo mtu hawezi kulikisia. "Mwambie avue kofia, achume nyanya, aile hapohapo."

Mama aliumba maneno, nyusi zikapanda na kushuka. Kule mwisho wa tuta mzee alivua kofia, akaitundika juu ya mti wa kushikilia mmea. Alipapasa majani, akachuma nyanya moja, akaimenya ganda kwa subira, akaila. Kisha akafuta kidevu, akasema kitu kwa mdomo mtupu, na mama akacheka mpaka ungo ukainama na maharagwe yakamwagika hadi kwenye viatu vya mwanawe.

"Amesema nini? Mama, amesema nini?"

"Amesema anayempima akili aje kwanza amwoshee nyanya."

Mkamwana aliangua kicheko, kisha kicheko kikamgeukia kikawa machozi, akakaa chini kwenye ngazi na kiatu chake kizuri vumbini. Mwana aliinama akaanza kuokota maharagwe, moja baada ya jingine, akiyarudisha kwenye ungo.

"Masikio ya baba yako yalibaki kiwandani," mama alisema, sasa kwa upole. "Ukisema na simu yako, atakujibu nini? Mtazame usoni. Si mgonjwa. Wewe ulikuwa unamnyima uso."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tungewaambia lini? Nikiwepo mimi, yeye hayupo. Ilikuwa lugha ya watu wawili, na wawili hao hawakuwa nyumbani pamoja. Hapa ndipo tumekutana, mwanangu. Tulizeeka kila mtu na zamu yake, na hapa ndipo zamu zetu zimelingana. Ukitutenganisha sasa, utakuwa umetupangia zamu nyingine, na hii hatutaimaliza."

Mwana alibaki na harage moja kiganjani. "Getini," alisema. "Nilikuwa nikiwachungulia dirishani asubuhi. Baba alikuwa akitafunatafuna, wewe unacheka. Nilidhani anakula kitu na hataki kutupa sisi. Nilimchukia kwa hilo, mama, miaka mingi."

Mama alimtazama kwa mshangao. Kisha akamwambia alichokuwa akisema baba yake getini kila asubuhi: maneno mawili tu, nimekuachia joto. Akamweleza habari za kitanda ambacho hakikupoa.

Mwana aliweka harage lile katika ungo kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika. Akaondoka barazani, akatembea kando ya tuta la nyanya hadi kwa baba yake. Aliyoyasema huko hayakusikika. Lakini alisimama mbele yake, uso kwa uso, na simu ilikuwa imebaki barazani. Mama angeweza kuyasoma. Aliinamia maharagwe yake.

* * *

Jua lilipoanza kulegea, gari lilipakiwa viazi, nyanya na kuku mmoja aliyepinga vikali. Kamba mpya ilifunga viazi. Mkamwana alimkumbatia mama mkwe wake muda mrefu, kisha akamgeukia mzee, akamtazama usoni, akasema taratibu kila neno, "Nisamehe kwa viazi, baba."

"Vilikuwa laini," Fundi alimjibu. "Lakini meno bado ninayo. Walete watoto shule zikifungwa. Mama yao apate kulala."

Redio naye alikuja kuaga, na chumvi yake. Alisimama kando ya mama, sauti ameishusha kwa mara ya kwanza tangu wahamie. "Dada yangu," alisema, "kwa hiyo hata mimi nikiwa kule kisimani nasema na wenzangu habari zenu..."

"Yote, mdogo wangu. Ila endelea tu. Ile ya juzi kuhusu gauni langu ilituchekesha sana."

Redio alijifunika uso kwa kanga nzima.

Gari liliwashwa. Mwana alipandisha kioo kuzuia vumbi, likasogea, kisha likasimama. Kupitia kioo wazee walimwona amegeuka, akiwatazama. Mdomo wake ukaanza kujiumba bila sauti, vibaya, kama wa mtu mwenye kiazi cha moto ulimini. Ulijikwaa katikati ya neno, ukarudi mwanzo, ukajaribu tena, nyusi zikipanda mahali pasipotakiwa: "Nimewaachia joto." Alisubiri kidogo aone kama limefika. Mama akainua mkono. Gari likaondoka, na vumbi lake likatua polepole juu ya ua wa miti.

Fundi alisimama hadi mlio ambao yeye hakuusikia ulipokwisha masikioni mwa mkewe.

"Mwanao ana kigugumizi," alisema bila sauti.

"Atajifunza," mke akamjibu. "Wewe mwenyewe ulipoingia kiwandani, mwezi mzima nilidhani unaniomba maji."

Wakarudi barazani, ambako maharagwe yalikuwa bado, na wakakaa, si mmoja huku na mwingine kule kama siku zote, bali uso kwa uso.